Ua Moja la Mama, Moja la Maitu

Dandora, 12 Aprili 1981

Niaje Mashavu,

Usikasirike nikikuita hivyo. Nimeangalia picha yako ukutani sasa hivi na mashavu bado iko mahali yake. Salamu zangu ni nyingi kuliko mabati ya Dandora. Huku hatuna neno, ila Wacera ameng'oka jino la mbele. Ameliweka ndani ya kiberiti, anasema hilo lingine likija litataka kujua mwenzake alikuwa anafanana vipi.

Kibanda changu cha redio sasa kina meza mbili. Ile kitabu ya umeme niliokota kule kwa takataka nimeimaliza kusoma. Kurasa za mwisho hazikuwa, kwa hivyo redio zinavyoanza najua, zinavyoishia natafuta mwenyewe.

Sasa sikia jambo lenyewe. Tangu Januari Wacera anaenda shule ya Jumapili, darasa la Mwalimu Adoyo. Juni 28 wana Siku ya Watoto, na kila mtoto amepewa maneno yake ya kusema mbele ya kanisa. Watoto ni arobaini. Dada, huyu mtoto wako anajua maneno ya wote arobaini. Hakuna mtu amemfundisha. Anaketi hapo chini ya meza nikichoma risasi kuunganisha waya za redio, anayatoa moja moja, hata sauti ya kila mtoto anaitoa, na yule wa kigugumizi anamtoa na kigugumizi chake. Mimi naacha kazi namwangalia tu. Nimefungua redio nyingi lakini hii sijui nani aliifunga.

Mwalimu amesema siku hiyo kila mtoto ataingia ameshikana mkono na mama yake, wapite katikati ya watu mpaka benchi ya kwanza. Ya kwanza kabisa, dada.

Anakukumbuka sana. Kila asubuhi anasalimia picha: "Maitu, umeamkaje?" Kuja.

Ni mimi ndugu yako,
Njogu


Kitale, 3 Mei 1981

Ndugu yangu Njogu,

Pokea salamu kutoka jikoni. Barua yako ilifika imelowa kona moja lakini niliisoma yote. Mimi ni mzima, mgongo tu unauma, maana wasichana mia nne wakila ugali kuna mtu ameusonga. Mvua imezidi na kuni ni mbichi. Tunapika huku tunalia, mimi na mwenzangu Mama Mulama, mpaka watu hudhani tumefiwa.

Nimefurahi kusikia habari za jino. Mpe maharagwe na mboga, usimzoeze mkate na chai kama wewe.

Nimemfumia sweta la kijani. Nimelikadiria kwa mtoto wa Mama Mulama, ambaye nafikiri wanalingana. Niambie kama limemtosha.

Kuhusu Juni, shule itakuwa haijafunga. Na barabara yenyewe unaijua.

Kanisa ni lile lile?

Dada yako,
Warigia


Dandora, 17 Mei 1981

Mashavu,

Pole na moshi. Sisi tuko fiti, mvua hata huku ipo, matope yamemla Zahoro wa duka kiatu kimoja na mpaka leo hajakipata. Sweta ilifika. Rangi yake ni nzuri sana.

Ndiyo, kanisa ni lile lile. Najua unafikiria nini. Mtoto alipofikishwa kubatizwa bila baba, Mama Maingi, mkubwa wa akina mama kanisani, akasimama mbele ya watu akasema ukae benchi ya nyuma mpaka wazee waamue. Ukakaa Jumapili tatu, ya nne ukapanda basi ya Kitale. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na nane, nikaachwa na mtoto wa miaka miwili na nusu na sufuria mbili. Sikulaumu. Nasema tu kwamba benchi ni mbao.

Lakini kuna kitu imetokea na lazima nikuambie, kwa sababu estate yote inajua.

Jumatano Mwalimu Adoyo alikuja kibandani. Mwanamke mrefu, anaongea polepole kama mtu anakusomea. Akauliza, "Mama Wacera yuko?"

Nikasema, "Hayuko. Ulikuwa unataka nini?"

"Nataka kumwona huyo mama anatengeneza redio. Kila nikimwuliza mtoto, 'Mama yako anafanya kazi gani?' ananiambia anatengeneza redio. Nikasema, jamani, kuna mwanamke kama huyo hapa Dandora na sijamsalimia."

Nikaangalia chini ya meza. Wacera akatoa kichwa chini ya meza akasema, "Si huyu hapa."

"Huyu?"

"Huyu ndio mama. Nilikuambia ana ndevu."

Mwalimu akaketi kwa mtungi wa maji. Ikabidi nimweleze. Yeye ni Mjaluo, angejuaje kwamba kwetu Wakikuyu ndugu wa kiume wa mama mzazi anaitwa mama, na mama mzazi mwenyewe ni maitu? Zahoro akiwa mlango wa pili akasikia yote, akapiga kelele kutoka dukani, "Njogu, kwa Kiswahili mama hana ndevu, bwana. Kama kwenu wanazo, pole yenu."

Watoto wa darasa waliokuwa nje wakamcheka Wacera, wakamwimbia mama ndevu, mama ndevu. Hakulia. Aliwaangalia mpaka wakachoka.

Mwalimu akamwuliza pole pole, "Na maitu yuko wapi?"

Wacera akasema, "Ukutani."

Dada, kuja.

Njogu


Kitale, 7 Juni 1981

Ndugu yangu Njogu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Kuni zimekauka.

Barua yako niliisomea kwenye ghala la mahindi. Nilicheka mpaka Mama Mulama akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma mara ya pili, na hiyo ya pili sikucheka.

Tangu lini anadhani ni wewe? Mbona hukuniandikia? Miaka mitatu unaniambia anakula, anakua, anasalimia picha. Hilo hukuona ni habari?

Mwambie wewe ni mjomba. Mjomba ni neno zuri, halichanganyi mtu. Mwambie mama ni mimi.

Juni haiwezekani. Mwalimu amruhusu aingie na mama wa mwenzake.

Na hujaniambia kama sweta lilimtosha.

Warigia


Dandora, 14 Juni 1981

Mashavu,

Salamu zako nimezipata, na hasira pia nimeipata, ilikuja bila kulowa. Tuko wazima. Zahoro anakusalimia, amenunua viatu vingine.

Umeuliza tangu lini. Nitakuambia ukweli. Ulipoenda aliniita mama, na ilikuwa sawa kabisa, mimi ni mama yake wa Kikuyu. Halafu akaanza kucheza nje na watoto wa kila kabila, Kiswahili kikamwingia. Akasikia wakisema: mama anapika, mama anachana nywele, mama anarudi na mkate. Siku moja nikamwona ameketi mlangoni ananiangalia nikiosha sufuria. Ameinua vidole, anahesabu. Anapika, kidole. Anachana, kidole. Mkate, kidole. Akaridhika akaenda kucheza.

Hapo ndio ningemwambia. Sikumwambia. Ilinipendeza, dada. Sijawahi kuwa kitu cha mtu.

Mjomba nimejaribu kama ulivyosema. Siku nne. Nikamwambia, "Mimi ni mjomba." Akaniambia, "Mjomba ni yule wa rafiki yangu Munyoki, anakuja Krismasi na kuku." Nikasema, "Hata mimi ni mjomba." Akasema, "Kuku wako ako wapi?"

Kuingia na mama wa mwenzake amekataa. Nimesema nitaingia naye mimi. Hata kama ni mimi peke yangu mwanaume kwa huo mstari.

Watoto wanatengeneza maua ya karatasi nyekundu, kila mmoja atampa mama yake ua akishasema maneno yake. Mwalimu alikosa vijiti nikamletea waya wa shaba kutoka kwa redio zilizokufa. Wacera alichukua vipande viwili. Nikamwuliza kwa nini viwili. Akasema, "Moja ya mama, moja ya maitu." Hilo la pili nitakutumia kwa posta.

Bado wiki mbili. Basi zinatoka Kitale kila siku, nimeuliza.

Njogu


Dandora, 29 Juni 1981

Mashavu,

Ni Jumatatu, sijafungua kibanda. Watu wanakuja na redio zao wanaona mlango umefungwa wanarudi, na mimi niko ndani nakuandikia. Tuko wazima. Nikianza na salamu nyingi nitasahau vile ilikuwa, kwa hivyo chukua hiyo moja.

Asubuhi nilimpaka mafuta, nikamchana nywele, mistari mitano, mmoja ulienda kombo nikauacha. Akavaa sweta yako. Nikavaa koti ya Zahoro. Tukafika tukapanga mstari nje, wamama na watoto wao, vitambaa vyeupe kichwani, na mimi katikati kama mwiko kwa vijiko. Wamama wakaanza kusukumana mabega wakicheka kimya kimya. Jasho ilikuwa inaniingia machoni sikuona mtu.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Maingi. Ndio huyo huyo. Amezeeka, ana fimbo sasa, lakini sauti haijazeeka. Akanizuia na hiyo fimbo. "Kijana, huu mstari ni wa akina mama."

Nilikuwa nishaanza kutoka, dada. Nakuapia mguu ulikuwa umegeuka. Wacera akanishika mkono na mikono yake yote miwili, akamwangalia yule mzee juu, akasema bila kelele, "Huyu ni mama. Ni wa kwetu."

Mama Maingi akatuangalia. Akaangalia nywele ya mtoto, ule mstari uliokwenda kombo. Sijui aliona nini. Akashusha fimbo.

Tukapita katikati. Kanisa ilicheka kidogo, halafu ikaacha, nikasikia viatu vyangu mwenyewe. Huko nyuma kulikuwa na wageni wengi, hata sikugeuka. Tukakaa benchi ya kwanza. Ni mbao kama hizo zingine, lakini nilikaa kama niko juu ya yai.

Watoto wakaanza. Mtoto wa saba, dada yake Munyoki, akafika mbele akasahau. Mwalimu Adoyo akamwonyesha mdomo, hakuna. Halafu nikasikia kando yangu sauti ndogo, Wacera hata hajainuka, anamrushia neno la kwanza tu, kama mtu anakushikia mlango. Yule mtoto akaingia akaenda mpaka mwisho. Wa kumi na moja akasahau, akamrushia. Wa ishirini. Ikafika mahali mtoto akisahau haangalii tena mwalimu, anaangalia benchi yetu. Kanisa yote ilikuwa imeinama mbele. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anasema, "Heh. Heh," chini chini, kama anaona mvua inapanda kutoka ardhini.

Zamu yake ikafika. Maneno yao yote yanaanza sawa: huyu ndiye mama yangu, asante Mungu kwa sababu. Wengine walisema kwa sababu ananipikia, kwa sababu ananipenda. Yeye mwalimu alimwandikia aseme, kwa sababu ananipeleka kanisani. Nilikuwa nalijua, tumelisema mara mia.

Akasimama. Akasema, "Huyu ndiye mama yangu. Asante Mungu kwa sababu akitoka anarudi."

Ndio hiyo tu. Akanipa ua.

Sikusikia amina. Labda ilikuwa. Nilikuwa naangalia hiyo waya ya shaba na siwezi kuona vizuri. Mtu akanisogezea kitambaa, nikapangusa uso, kugeuka ni Mama Maingi amekuja kukaa kwa benchi yetu. Akaniambia, "Mwambie Warigia." Akaegemeza fimbo kwa benchi. "Mwambie tu nimemtaja."

Wacera akatoka kidogo nikadhani anaenda haja. Akarudi, akakaa, akaendelea kuwarushia wenzake maneno mpaka wa arobaini.

Kitu kimoja tu kimeharibika. Lile ua lako limepotea. Nimelitafuta kwa sweta, kwa koti, chini ya mabenchi. Nikimwuliza anasema, "Nimeshapeana," na hataki kuongeza. Pole. Nitamwambia atengeneze lingine.

Njogu


Kitale, 19 Julai 1981

Ndugu yangu Njogu,

Nisamehe nimechelewa kujibu. Nimeianza barua hii mara sita, na Mama Mulama amewashia moto zile tano. Mimi ni mzima.

Usitafute ua tena. Liko na mimi, kwenye kikombe juu ya dirisha la jikoni. Shina lake ni waya wa shaba, limezungushwa mara tatu, na mwisho wake mmekunja ili usichome mkono.

Nilikuja. Nilipanda basi Jumamosi, nikaingia kanisani wimbo umeshaanza, nikiwa nimeshusha kitambaa mpaka machoni. Nilikaa kwenye benchi langu la nyuma. Walinipa wenyewe, kwa hivyo sikuiba nafasi ya mtu.

Nilikusudia kuja mbele mapema, mwishoni mwa wimbo. Halafu mkaingia. Nilimwona ameushika mkono wako na sikuweza kuinuka. Sweta langu lilimfika kwenye viwiko, Njogu. Kwenye viwiko. Wewe uliniandikia rangi yake ni nzuri. Nilikuwa nimemfumia mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu huyo ndiye niliyekuwa naye kichwani.

Nilisikia alivyosema. Nyuma kabisa tulisikia.

Kisha akashuka. Nilidhani anatoka nje, nikainamisha uso. Akasimama mbele yangu na ua. Akaniambia, "Shika." Nikashika. Akaniangalia kwa muda, akauliza, "Wewe huna mtoto?"

Alikuwa amenikaribia hivi, nikaona jino jipya linachungulia. Nikafungua mdomo. Sikupata neno, si la Kikuyu, si la Kiswahili. Akangoja. Alingoja sana kwa mtoto wa umri wake. Halafu akarudi kwenu, na mimi nikatoka, nikaenda kituoni, nikakaa kwenye jiwe mpaka basi la jioni.

Miaka mitatu nilidhani nakimbia benchi. Benchi nimelikalia na halikunifanya kitu. Kilichonishinda ni swali la mtoto.

Shule inafunga tarehe saba Agosti, Ijumaa. Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako. Usimwambie. Ataniuliza tena, na safari hii nitakuwa na jibu, hata kama ni la kusemwa nikilia. Nimenunua uzi mwingine wa kijani. Nipimie mkono wake kwa kamba uitume.

Mama Maingi mwambie nimesikia amenitaja.

Dada yako,
Warigia


Dandora, 26 Julai 1981

Mashavu,

Kamba iko ndani ya bahasha. Hilo fundo ni kiwiko, mwisho wa kamba ni kidole cha kati. Alitaka mpaka vidole, sikubishana naye.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaketi, halafu nikasimama tena. Ulikuwa hapo. Mimi nilikuwa natoa jasho mbele na wewe uko nyuma, na kati yetu mtoto mmoja anatembea na ua. Nimekaa na hiyo picha kichwani siku hizi zote, hata nikichoma risasi kwa redio ya mtu nimemwunganishia waya vibaya, sasa inaongea ikiwa imezimwa.

Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Nilimwuliza tu, na utanisamehe. Leo tukitoka kanisani nikasema, "Ile ua ya pili, ulimpa nani?"

Akaniangalia kama mimi ndio mtoto. "Si yule wa ukutani."

"Wa ukutani yuko ukutani, Wacera."

"Siku hiyo alikuwa ameshuka."

Dada, nilishika mlingoti wa stima. Nikamwuliza alijuaje, na ulikuwa umejifunika. Akasema, "Mashavu." Hivyo tu. Nikasema, "Basi kama ulimjua, mbona ulimwuliza kama hana mtoto?"

Akapiga jiwe teke, tukatembea kidogo, akapiga tena. Akasema, "Nilikuwa namrushia neno la kwanza. Nilidhani amesahau."

Nilirudi nyumbani nikakaa, naangalia huyo mtu wa miaka sita akila maharagwe, na niliogopa vile mtu anaogopa akiwa ndani ya kanisa tupu.

Baadaye akaniuliza, "Akishuka tena, wewe utakuwa nani?" Nilikuwa nimeliogopa hilo swali tangu barua yako. Lakini jibu lilikuja lenyewe. Nikamwambia kwetu maneno yanatosha watu wote: mimi nabaki mama, yeye ni maitu, hakuna mtu anatoka kwake ndio mwingine aingie. Akafikiri. Akainua vidole viwili, akaviangalia, akaridhika. Nikapumua.

Halafu akaniuliza, "Na kwa Kiswahili?"

Kwa Kiswahili mama ni mmoja, na bado anangoja, Mashavu. Ungekuwa ni wewe umeketi hapa, ungemjibu nini?

Njogu